Kasuku mdogo hataki kuoga: kutafuta chanzo na suluhisho kwenye baridi ya nyanda za juu kusini

Kasuku mdogo wa Australia, yule anayeitwa baji, ana uzito wa gramu 30 hadi 40 tu. John Gould aliwafikisha Uingereza mwaka 1840, na tangu hapo vizazi kwa vizazi vimezaliwa ndani ya matundu, lakini hofu ya kitu kinachoshuka kutoka juu haijawatoka. Kitu cha namna hiyo porini ni mwewe. Kwa hiyo mtu anayemkamata ndege huyu, akambana kiganjani na kumtumbukiza kwenye bakuli, anamfundisha mambo mawili kwa mpigo: maji ni hatari, na mkono huu ni hatari. Ndege wengi wanaosemwa hapa Mbeya kuwa "hawapendi maji" walifundishwa hivyo na watu wanaowapenda kweli.

Ndege huyu haogeshwi. Anawekewa maji, naye anaoga mwenyewe siku anayoona inafaa. Kazi yako ni kujua kinachomzuia, na mara nyingi yeye mwenyewe anakuonyesha kwa jinsi anavyokaa.

Na usiwe na haraka. Asili yake ni maeneo makavu ya ndani ya Australia, ambako hulowanisha manyoya kwa kujipitisha kwenye majani yenye umande au yaliyonyeshewa. Muda mwingi hujisafisha kwa mdomo, akichana unyoya mmoja mmoja na kuupaka mafuta yanayotoka kwenye tezi iliyo juu ya mkia. Wiki mbili tatu bila kuoga hazimuui. Maji yanamfaa zaidi nyakati mbili: anapobadilisha manyoya, kwa sababu vijiti vya manyoya mapya vinawasha na unyevu hulainisha ganda lake, na wakati wa kiangazi hewa ikikauka na vumbi likatanda. Ugumu wa huku kwetu ni kwamba kiangazi hicho kinaanza na baridi. Mji wa Mbeya uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, Njombe iko juu zaidi, na Juni na Julai ndiyo miezi ambayo hewa ni kavu na usiku unauma. Kwa hiyo ushauri ulioandikwa kwa mfugaji wa Dar es Salaam usiuchukue mzimamzima.

Jambo moja linatangulia yote: maji matupu. Usitie sabuni, shampuu, siki wala dawa yoyote. Sabuni huondoa yale mafuta yanayozuia maji yasifike kwenye ngozi, na ndege akishayapoteza hulowa hadi ndani na kupoa haraka.

Bakuli likiingia tu, anakimbilia juu

Mtazame vizuri. Amejinyoosha mwembamba, manyoya yamebana mwilini, shingo ndefu, jicho halitoki kwenye bakuli. Huyo hajafikia hata kuyaogopa maji. Anaogopa kitu kigeni kilichoingia nyumbani kwake, pengine na mkono uliokileta.

Chukua sahani utakayotumia, iweke ikiwa kavu nje ya tundu mahali anapoiona, umbali ambao hajali. Iache hapo siku kadhaa. Isogeze kidogo kidogo. Akishakula na kuimba huku sahani iko jirani, iingize ndani ikiwa bado kavu, na punje chache za ulezi juu yake. Siku atakayoshuka kudonoa ulezi bila wasiwasi ndiyo siku ya kufikiria maji, na hata hapo anza na kiasi cha kulowanisha sehemu ya chini tu. Watu huona hatua hizi ni ndefu mno. Lakini ukiruka moja, akashtuka, unarudi nyuma kuliko ulikoanzia.

Mkono nao upite mlango wa pembeni, polepole, ukiwa umekaa kwenye kigoda au kiti ili usimsimamie kwa juu. Zungumza naye kwa sauti ya kawaida. Sahani isiwekwe chini ya kijiti anacholalia, maana itajaa kinyesi, wala isizibe njia yake ya kwenda kwenye chakula. Na watoto wakijazana mbele ya tundu kusubiri aoge, hataoga. Waombe wakae mbali kidogo na wanyamaze; wakimwona akioga kwa hiari yake, wao ndio watakuwa walinzi wake wazuri kuliko wewe.

Anasogea, anachovya mdomo, anarudi nyuma

Hii ni habari njema. Hamu anayo, kuna kitu ndani ya sahani kinachomkatisha tamaa, na kwa kawaida ni kimoja kati ya vitatu.

Kina. Maji yakizidi sentimita 2 hawezi kusimama kwa raha. Anayeanza mpe sentimita moja.

Utelezi. Bakuli la plastiki linateleza chini ya kucha zake, na ndege asiye na uhakika wa miguu hafungui mabawa. Tumia sahani ya udongo, au kifuniko cha chungu kilichogeuzwa, au weka jiwe bapa lililosuguliwa likasafika katikati ya bakuli ili apande na kushuka apendavyo.

Ubaridi. Maji ya bomba la Mbeya asubuhi ya Julai hata wewe yanakufanya uvute mkono. Yachote mapema, yaache ndani ya nyumba hadi yapoteze ule ukali, au ongeza maji ya moto kidogo mpaka ukiyagusa kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono usihisi baridi wala joto. Hapo yametosha. Maji ya moto hasa ni mabaya, yanamuunguza na yanayeyusha mafuta ya manyoya.

Hataki bakuli la aina yoyote

Wapo wa namna hiyo na hawana tatizo lolote. Hao wape majani, na kwa maoni yangu ndiyo njia bora kwa ndege yeyote mwoga, kwa sababu ndiyo inayofanana na alivyoumbwa kuoga.

Chukua fungu dogo la mchicha, saladi, chainizi au giligilani. Lioshe kwa maji mengi kwanza, maana bustani nyingi zinapigwa dawa na hujui mara ya mwisho ilikuwa lini. Kisha liloweke, likiwa bado linadondosha matone lifunge kwa kibanio cha nguo karibu na kijiti chake, au litandaze chini ya tundu. Mwanzoni atadonoa. Baadaye atapitisha kichwa chini ya jani, atasugua shavu, bega litafuata, halafu utaona mkia umepanuka kama kipepeo cha jikoni na mabawa yamefunguka nusu. Muache. Usimsogelee kumpiga picha. Akimaliza, ondoa majani kabla hayajanyauka na kuoza.

Tawi la mkaratusi nalo linafaa sana. Mikaratusi iliyojaa Mufindi na kandokando ya Mbeya asili yake ni Australia, sawa na ndege mwenyewe, na majani yake marefu yanashika matone vizuri. Kata tawi lililo mbali na barabara kuu na mbali na mashamba yanayopigwa dawa, lioshe, lining'inize likiwa limelowa. La mpera pia ni salama.

Sasa sikiliza hili kwa makini kama unaishi Rungwe, Njombe au popote palipo na miparachichi uani. Parachichi ni sumu kwa kasuku wa aina zote. Tunda, majani, gome, kokwa, vyote vina kemikali iitwayo pesini inayoharibu moyo wa ndege, na kasuku mdogo anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Usimpe tawi lake la kukalia, usimpe jani lake lenye maji, usimwachie hata kipande kilichobaki kwenye sahani ya chakula. Majani ya nyanya na ya viazi mviringo nayo yaache.

Chupa ya kupulizia inamtia hofu

Kwanza, chupa yenyewe ilikuwa ya nini? Huku kwetu kila nyumba ya mkulima ina pampu au chupa iliyowahi kubeba dawa ya viazi au ya nyanya, na nyingine zimewahi kubeba dawa ya mbu au mafuta ya nywele. Hata uioshe mara ngapi, isimguse ndege. Nunua mpya, iwe yake peke yake.

Pili, watu wengi wanamlenga. Maji yanayokuja usoni kwa kasi na ile sauti ya chupa ni shambulio, na ndege anajibu hivyo. Kaza mdomo wa chupa mpaka utoe ukungu mwembamba, elekeza juu ya tundu na siyo kwake, ili matone yamshukie kama manyunyu. Simama umbali wa mkono ulionyooka. Siku za kwanza pulizia pembeni tu, azoee sauti.

Kisha msome. Anayefurahia hutikisa manyoya na kuyavimbisha kidogo, hulegeza mabawa mbali na mwili, hugeuka ili upande mwingine nao upate, wengine huning'inia kichwa chini wakilia kwa furaha. Anayeogopa hujibana mwembamba, hukimbilia kona, huruka ovyo na kugonga vyuma, au huhema mdomo wazi. Yupo pia wa tatu ambaye watu hawamtambui: ametulia tuli, hasogei, macho yamekazwa. Mfugaji hudhani amekubali. Huyo ameganda kwa woga. Ukiona dalili yoyote ya hofu acha papo hapo, weka chupa chini, ondoka. Ndege anayejifunza kwamba akikataa anasikilizwa hupata ujasiri wa kujaribu tena kesho.

Anaoga kwenye maji ya kunywa

Si tatizo. Ameona chombo anachokiamini. Badilisha maji hayo mara akimaliza, na siku nyingine mwekee chombo kinachofanana na hicho, kipana zaidi. Kama maji ya bomba yana harufu ya klorini, yaache kwenye chombo kilicho wazi usiku kucha.

Wako wawili, mmoja anaoga, mwenzake anatazama

Hawa ni ndege wa kundi. Anayetazama mara nyingi anajifunza, mwache atazame. Lakini hakikisha hafukuzwi: ukimwona anashuka na mwenzake anamrukia mdomo wazi, weka sahani mbili mbali mbali.

Ndege aliye peke yake hana wa kumwonyesha. Kwake tumia sauti. Kasuku hawa wengi husisimka wakisikia maji yanayotiririka, na mvua ikipiga mabati utawasikia wanapaza sauti. Tukuyu, ambako mvua haina uhaba, una nafasi hiyo karibu kila siku ya masika. Mvua ikianza, mwekee majani yaliyolowa. Joto la Januari au Februari ni afadhali kuliko la Julai, hata kama mawingu yamefunika.

Ameoga vizuri, sasa anatetemeka

Kutetemeka kidogo kwa dakika chache huku akijichana ni kawaida. Mwili unatengeneza joto. Joto lake la kawaida linazidi nyuzi 40 za Selsiasi, na mwili wa gramu 30 uliolowa unalipoteza upesi. Nusu saa ikipita naye bado amelowa, amejikunyata, macho yanafumba, anahitaji msaada.

Mpeleke chumba kisicho na upepo. Funika tundu pande tatu kwa kanga au blanketi, mbele paachwe wazi apate hewa. Jaza chupa maji ya moto, ifunge kwa kitambaa, iegemeze nje ya tundu upande mmoja, ili akitaka joto asogee na likimzidi aondoke. Balbu ya zamani inayotoa joto inafaa pia. Hizi za kisasa za kuokoa umeme hazimsaidii. Usimsugue kwa taulo. Mashine ya kukaushia nywele usiiwashe, inamtisha kwa kelele, inaunguza, na baadhi zina vipande vilivyopakwa ule utando wa vikaango unaozuia chakula kisishike, ambao ukipata joto kali hutoa moshi unaoua ndege. Vikaango vyenye utando huo vikiachwa motoni vikiwa vitupu vina hatari hiyo hiyo.

Na tafadhali, usimsogezee jiko la mkaa. Najua jioni za Makete, Njombe na Uyole, najua jiko linavyoingizwa ndani na mlango ukafungwa. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi isiyo na harufu. Mapafu ya ndege yanaunganishwa na vifuko vya hewa mwili mzima, kwa hiyo huivuta haraka kuliko binadamu na hufa kabla ninyi hamjahisi kitu. Baada yake mnafuata ninyi. Ndege aliyekufa ghafla kwenye chumba chenye jiko ni ishara ya kutoka nje mara moja na kufungua milango.

Kuzuia ni rahisi kuliko kukausha. Maji yawekwe kati ya saa tano asubuhi na saa nane mchana, siku yenye jua, kwenye chumba ambacho wewe mwenyewe unaweza kukaa na shati la mikono mifupi bila kusikia baridi. Iringa fungeni dirisha upande wa upepo. Ukimtoa kwenye jua, nusu ya tundu iwe kivulini. Jioni kamwe, kwa sababu atalala amelowa. Hali ya hewa ikiwa nzuri, mara mbili au tatu kwa wiki zinatosha. Wiki za ukungu na upepo wa Juni na Julai, majani yenye unyevu kidogo mchana yanatosha, na ikibidi, usimpe nafasi kabisa hadi jua lirudi.

Alikuwa akioga, ghafla ameacha

Jiulize nini kimebadilika: tundu limehamishwa, paka wa jirani amegundua dirisha, sahani ni mpya. Kama anabadilisha manyoya, vijiti vipya vinauma vikiguswa na maji yenye nguvu; mpe majani badala ya chupa. Jike anayetaga au kulalia mayai naye huwa na shughuli nyingine. Lakini kama ameacha kuoga na pia amepungua kuimba, amevimbisha manyoya mchana kutwa na kula kumepungua, maji yaondoe kabisa. Huyo ni mgonjwa, na kumlowesha kunaweza kummaliza.

Ni mchafu chini ya mkia, au ana magaga mdomoni na miguuni

Hapa watu hukosea kwa nia njema: wanaona uchafu, wanafikiria maji. Ndege mzima hujisafisha. Kinyesi kilichogandamana chini ya mkia kinaonyesha tumbo halipo sawa, na ukimuogesha unaficha dalili huku unampoza. Pafute hapo tu kwa pamba yenye maji ya vuguvugu, mtu mmoja akimshikilia kwa kitambaa bila kumbana kifua. Ndege hana kiwambo cha kusukuma pumzi kama sisi; anapumua kwa kutanua kifua, kikibanwa anakosa hewa.

Magaga meupe yenye vitundu vidogo vidogo kwenye mdomo, kuzunguka macho au miguuni ni kazi ya utitiri. Maji hayauondoi. Dawa ipo, ni aivamektini, lakini kipimo chake kwa ndege wa gramu 30 ni kidogo mno. Usichukue ile ya sindano ya ng'ombe au mbuzi iliyobaki nyumbani ukamkadiria kwa tone, hiyo inaua. Apime daktari wa mifugo.

Ukimwona anakaa chini ya tundu, mkia unapanda na kushuka kila anapopumua, au pua zinatoa ute, usisubiri kesho. Nawa mikono kila ukimgusa na funika pua na mdomo unaposafisha tundu, kwa kuwa kasuku wanaweza kubeba bakteria wanaoleta homa ya mapafu kwa binadamu. Mama mjamzito asifanye kazi hiyo.

Safari ya kwenda ofisi ya mifugo iwe kwenye boksi dogo lenye matundu, limetandikwa kitambaa kikavu. Panda bajaji au daladala, siyo bodaboda, upepo wa barabarani utamwishia mwilini. Daktari wa wilayani anatibu zaidi ng'ombe na kuku, kwa hiyo mpelekee taarifa kamili: uzito uliopimwa kwa mizani ndogo ya jikoni, anachokula, lini alioga mara ya mwisho, na ile karatasi ya chini ya tundu yenye kinyesi cha leo, ikiwa imekunjwa ndani ya mfuko.